Ganda Lililokwama

Nilipoingia bandani nilimkuta baba mkwe wangu amesimama mbele ya mashine ya kutengenezea risasi. Mkono wa mashine ulikuwa juu. Kwenye kishikio hapakuwa na ganda, palibaki kipande chembamba cha ukingo wa shaba uliong'oka. Ganda lenyewe lilikuwa bado ndani ya kalibu, limejichimbia humo, kitako tu ndicho kinachungulia.

"Limekwama," alisema.

"Umelivuta?"

"Nimelivuta. Ukingo ndio huo."

Ganda la risasi likishapigwa hutanuka, na ukitaka kulitumia tena ni lazima ulisukume kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma lirudi kipimo chake. Kabla ya kulisukuma unalipaka grisi kidogo kwa vidole. Ukilisukuma kavu, shaba hung'ang'ania chuma na haitoki, na kalibu yako inazibika. Hata mtoto wa huku anayajua hayo.

"Hukupaka grisi?"

"Nilisahau."

Ningeambiwa jua limechomoza magharibi ningeamini upesi zaidi. Clarrie Haddow hasahau grisi. Aliwahi kumwinua mwanawe mezani, mume wangu Darcy, mtu mzima mwenye mke na binti aliye shule ya bweni, akamrudisha bandani kupanguza upya maganda yote kwa sababu ganda moja tu aliliona halina mng'ao. Na siku hiyo yenyewe alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi, wakati sisi wengine tulikuwa tunanuka tope na mizoga. Nikasema moyoni, uzee umebisha hodi. Nikasikia hasira, kisha nikajionea haya kwa hasira ile, kisha hasira ikarudi palepale. Kalibu ya bunduki kubwa tulikuwa nayo hiyo moja, na nje ng'ombe walikuwa wanalia.

Nieleze wanalia nini. Tuliomba mvua miaka mingi. Ukame ulipokolea Darcy alitaka kuuza kundi lote, tubaki na nyumba na mbwa. Mzee akagoma. Alisema ng'ombe wa kawaida wauzwe, lakini wazazi wa kundi, wale majike wekundu ambao damu yao ilianza na baba yake, wabaki. Mvua itakuja, alisema, na itakapokuja atakayekuwa na majike ndiye atakayekuwa na ranchi. Basi tukawalisha kwa mkono, majani ya kununua na molasi, siku baada ya siku, mimi nikiwa dereva na Darcy anamwaga nyuma. Tuliwajua kwa sura.

Mvua ikaja. Ilikuja na upepo baridi kutoka ghuba, usiku na mchana bila kupumzika, mpaka mbuga yote ya udongo mweusi ikawa ziwa. Ng'ombe waliokonda hawana mafuta ya kuwakinga. Walisimama majini wameupa upepo mgongo, wakafa wamesimama, wakasukumwa na maji mpaka kwenye nyaya za ua wakarundikana humo pamoja na kangaruu na ndege. Tuliloliomba ndilo lililotuua. Ukitaka kumlaumu mtu, hayupo, na hilo ndilo linalouma.

Mawingu yalipoondoka tulikuta walio hai kwenye kijiinuko cha mawe ng'ambo ya bwawa, na pembeni yake, wamezama topeni mpaka tumboni. Wengi hawangeweza kusimama tena. Kunguru hawakungoja wafe, walianza na macho. Darcy alichukua bunduki akaenda. Akarudi, akachukua risasi, akaenda tena. Yale maganda alikuwa anayaokota na kuyaleta mfukoni kwa sababu amefundishwa hivyo tangu mdogo, na baba yake alikuwa anayageuza risasi upya. Risasi za dukani zilikuwa zimekwisha kwetu na kwa majirani wote. Bunduki nyingine tuliyokuwa nayo ni ya kuulia nyoka. Kumpigia ng'ombe ile ni kumtesa mara mbili.

Ndiyo maana kitako kile cha shaba kilinitia kichaa.

Redio ya kuitana na majirani iliita nikiwa bado nimesimama hapo. Alikuwa Bronwyn Teague wa ranchi ya pili.

"Noelene, upo?"

"Nipo, Bron. Risasi vipi?"

"Helikopta inabeba watu na majani kwanza. Mjini zimekwisha, duka limebaki na ndoano za kuvulia samaki. Tuvue basi, maji si yapo. Wanasema labda kesho kutwa."

"Kesho kutwa hawa wangu watakuwa wameliwa wakiwa hai."

"Najua. Wangu pia." Akashusha sauti. "Unga umeuweka juu?"

"Nimeuweka."

"Uweke juu zaidi, shoga."

Kwetu, mwaka ukiwa mbaya, hakuna mwanamke anayemuuliza mwenzake kama mumewe anatamani kufa. Neno hilo halitamkiki. Anauliza habari za unga. Bunduki ikiingia ndani unachomoa komeo lake, kile chuma kinachosukuma risasi kwenye mtutu, ambacho bila hicho bunduki ni gongo tu, na unakifukia kwenye kopo la unga. Mume akitaka kwenda kazini anaomba, unampa, akirudi unachomoa tena. Wanaume wanalijua kopo lilipo. Hajapata kutokea mmoja wao akauliza kwa nini mkate una ladha ya mafuta ya bunduki.

Darcy aliingia wakati huohuo, mweusi wa tope mpaka kifuani. Alitundika bunduki. Nikachomoa komeo bila kumwangalia, nikalipeleka jikoni, nikarudi na chai na mkate wa nyama ya kopo. Chai aliishika. Mkate aliutazama tu.

"Zimekwisha," alisema. "Yule wa pembe moja bado anainua kichwa nikipita. Anadhani nimeleta molasi. Risasi ziko wapi?"

"Ganda limekwama kwenye kalibu," nilisema. "Baba yako kasahau grisi."

"Nani kasahau?"

"Baba yako."

Darcy akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mvua ianze, na kilikuwa kicheko cha kumtia mtu baridi, maana uso haukushiriki. "Mzee? Huyu mzee wangu mimi? Basi dunia imekwisha kweli."

Mzee alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa anapanga misumari kwenye kikopo.

"Litoeni basi," Darcy akasema. "Nikimaliza hawa waliobaki, nimemaliza." Akaketi kwenye ngazi ya veranda, mkabala na mlango wa banda, kuvua buti, akavua moja, akalala hapohapo na la pili mguuni.

Nimemaliza. Alikuwa amelisema neno hilo asubuhi pia, kwa sauti ileile. Nililitafuna mchana kutwa. Kazi ndiyo atakuwa amemaliza, au nini? Ukiwa umeolewa na mtu miaka mingi unazijua sauti zake zote, na hiyo sikuwa naijua. Nilikuwa na hofu moja tu siku ile, na hofu yenyewe ilikuwa imelala kwenye ngazi na buti moja.

Nikafungua kalibu kutoka kwenye mashine, nikaibana kwenye jiriwa. Mimi nimezaliwa Mount Isa, mji wa machimbo, baba yangu alikuwa fundi wa mgodini, na kitu kilichokwama hakinitishi. Kwanza unafungua kile kijiti cha katikati kinachosukuma fataki iliyokufa, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, unakirudisha juu uwezavyo, kisije kikavunjika. Halafu unatoboa kitako cha ganda kwa drili, pale palipokuwa na fataki. Tundu likishapanuka unalichonga meno ya skrubu. Unaweka soketi juu yake iwe kama kiti, unapitisha bolti katikati, unaikaza kwa spana. Bolti inapokazwa inalivuta ganda nje kidogo kidogo, na soketi inaizuia kalibu isifuate. Kazi yenyewe ni ya subira.

"Nipe msumari wa drili," nilimwambia mzee. "Ule wa kati."

Akanipa mwembamba.

"Wa kati, Clarrie."

Akanipa mnene. Vidole vile vingeweza kuchagua skrubu gizani. Nikauchukua wa kati mwenyewe.

"Kaniwashie jenereta."

"Dizeli ni kidogo. Tuiachie friji."

"Friji ina nini? Nyama? Nyama tunayo mbuga nzima."

Akaenda kuiwasha, kwa mwendo wa mtu anayepelekwa. Aliporudi alisimama nyuma yangu.

"Ungeacha tu, binti," alisema. "Helikopta italeta."

"Kesho kutwa?"

"Ng'ombe hufa. Wataisha wenyewe."

Nikazima drili nikamgeukia. Maneno hayo yalitoka kwa mtu aliyemfukuza kazi mchungaji mmoja, kijana hodari, kwa kumwacha kondoo aliyevunjika mguu alale na maumivu mpaka asubuhi. "Mnyama hangojeshwi" ilikuwa ndiyo sala yake, na sala nyingine hana. Huko nje jike mmoja akaanza kulia peke yake, sauti ya juu kama ya ndama, na mzee akafumba macho mpaka iliponyamaza.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Sina ugonjwa."

Nikarudi kwenye kazi. Drili ilipoingia, vumbi la shaba lilimwagika mezani na kulikuja harufu ambayo haikupaswa kuwepo. Ilikuwa ya mafuta ya taa. Nikatazama trei ya maganda yaliyobaki: yote yamepakwa, yamepangwa mistari, yanang'aa, grisi kama alivyoipaka siku zote. Kando ya trei palikuwa na kitambaa kimekunjwa. Nikakinusa. Na chini ya kitambaa palikuwa na kipande cha msasa.

Nikavirudisha palepale. Nilichonga meno, nikaweka soketi, nikaingiza bolti, nikakaza. Spana ilikuwa nzito. Nilikaza kwa uzito wa mwili wote, mara ganda likalia, likasogea, likalia tena, kisha spana ikalegea na ganda likanidondokea mkononi likiwa moto. Nikaliinua dirishani. Ubavu wake wote ulikuwa umekwaruzwa kwa msasa na kuoshwa kwa mafuta ya taa lisibaki na chembe ya grisi. Mtu hasahau namna ile. Ile ilikuwa kazi ya fundi.

"Hukusahau," nilisema.

"Sikusahau."

"Ulilikwamisha makusudi."

"Ndiyo."

Hapo moyo wangu ulipasuka pande mbili. Upande mmoja nilitaka kumkumbatia mzee huyu mkavu ambaye hajapata kumwambia mwanawe neno la upendo, na kumbe aliiona hofu niliyoiona mimi, akaamua kuziba njia kwa njia pekee aliyoijua. Upande wa pili nilitaka kumrushia spana. Kutwa nzima wanyama wale walikuwa wanadonolewa.

"Ni Darcy," nilisema taratibu, maana alikuwa karibu. "Hutaki ashike bunduki tena."

Mzee alinitazama muda mrefu. Ana macho ya buluu yaliyopauka, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama hivyo kabla. Kisha akageuzia uso ngazini, kwa mwanawe.

"Mwache alale," alisema.

Mimi nikalichukua hilo kuwa ni ndiyo.

Basi nikapanga mambo, na nilivyokuwa nayapanga nilijiona mwerevu. Nilimwambia: tutengeneze risasi, Darcy tusimwamshe, tutakwenda mimi na wewe na trekta. Wewe utapiga. Umepiga kondoo ukame wa zamani, umepiga farasi, moyo wako umeshafanya sugu. Darcy akiamka akute kazi imekwisha na bunduki haina komeo.

"Nenda wewe," mzee alisema. "Unajua kulenga."

"Nimelenga nguruwe mwitu. Sijapata kumlenga ng'ombe niliyemlisha kwa mkono."

"Mtu huzoea."

"Wewe ndiye uliyezoea. Mimi nitakosea, na wao ndio watakaoumia. Hilo unalitaka?"

Hakulitaka. Nilijua hatalitaka, ndiyo maana nililisema. Nikafunga kalibu kwenye mashine, naye akasogea akashika mkono wa mashine bila kuambiwa. Safari hii kila kitu kilikwenda kama maji. Ganda linaingia, linatoka. Mimi naweka fataki, yeye anapima baruti, kichwa cha risasi kinakaa. Nilimwona midomo inatikisika na nikadhani anahesabu.

Nilipokwenda jikoni kuchukua komeo, alinifuata mpaka mlangoni akanionyesha kwa kidole jinsi ya kulegeza vali ya pampu ya kisima kama itakataa kuvuta. Nikamwambia pampu imo chini ya maji, mzee, tutazungumza siku nyingine. Akasema ni vizuri tu nijue.

Trekta lilikwenda kwa taabu. Udongo mweusi ukilowa unakushika kila kitu, gurudumu, buti, moyo. Mzee aliendesha, mimi nilisimama nyuma yake nimekumbatia bunduki, risasi zimo mfukoni kwangu, komeo mfuko mwingine. Tulipita ua uliorundikana. Sikuangalia, lakini pua haina kope. Wahenga walisema la kuvunda halina ubani, na siku ile nililielewa kwa pua.

Kijiinuko kilikuwa kimejaa. Waliokuwa wamesimama walitugeukia. Wa pembe moja aliinua kichwa kama Darcy alivyosema, akatoa ulimi. Upande wake wa kushoto hapakuwa na ngozi, ililiwa na maji na upepo. Mzee alizima trekta akabaki ameshika usukani.

Nikashuka. Nikatia komeo, nikapakia risasi, nikafunga kizuizi cha usalama, nikamnyooshea bunduki kitako kikiwa upande wake, kama alivyonifundisha mwenyewe.

Hakuipokea.

"Shika, Clarrie."

"Usinipe."

"Tumeshakubaliana."

"Wewe ndiye uliyekubali." Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani. "Noelene. Usinipe hiyo bunduki."

Nilidhani ni huruma. Nilidhani ni uzee. Nikafungua mdomo nimkaripie, maana jike alikuwa anatuangalia, na mzee akanitangulia.

"Darcy sikumwogopea mimi," alisema. "Darcy ana wewe. Darcy amechoka tu, atalala, ataamka ana njaa. Namjua mwanangu."

"Basi ganda ulilikwamisha kwa nini?"

Alipitisha kiganja kwenye kidevu chake kilichonyolewa.

"Leo asubuhi nilitengeneza moja kwanza," alisema. "Huwa natengeneza moja mpaka mwisho, niipime urefu, ndiyo niendelee na nyingine. Nikaitengeneza. Ikatoka nzuri. Nikaona nimeiweka kando, sikuiweka na za Darcy. Nikajiuliza, hii nimeiweka kando ya nini? Halafu nikajua ya nini. Ningemsubiri Darcy arudi, ningeishika bunduki komeo likiwa bado ndani." Akasugua usukani kwa dole gumba. "Nilijua nikiendelea kutengeneza, mtakuwa na bunduki inayoingia na kutoka kutwa nzima. Nikachukua ganda lililofuata nikalipiga msasa. Sikuwa na akili nyingine."

Maji ya bwawa yalikuwa yanatoa sauti. Nilikuwa nimesimama na bunduki iliyojaa, kitako kimemwelekea yeye, na kwa muda sikuweza hata kuirudisha kifuani. Siku nzima nilikuwa namlinda mtu siye. Nilimvuta huyu mpaka hapa kwa maneno yangu, nikamtengenezea njia, nikamwekea na komeo. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wanavyosema, lakini huyu alikuwa ameonyesha maradhi yake mara ngapi tangu asubuhi, na mimi nikayaita uzee.

"Ile risasi iko wapi?" nikauliza.

Akaingiza vidole mfuko wa shati safi. Akaniwekea kiganjani. Ilikuwa na joto la mwili wake.

"Mimi ndiye niliyesema wasiuzwe," alisema. "Kila mmoja wa hawa. Darcy alitaka kuwauza wakiwa wanatembea."

"Najua."

"Wangepanda lori kwa miguu yao."

"Najua, Clarrie."

Nilifungua bunduki nikaitoa risasi iliyokuwamo, nikaipakia ile yake iwe ya kwanza. Sikutaka ikae duniani hata dakika moja zaidi. Kisha nikafikiri: nitampa mgongo. Ili nipige ni lazima nimpe mgongo, na trekta lina mnyororo, lina shoka, na bwawa liko hapo chini. Darcy yuko mbali amelala. Sikuwa na kopo la unga la kutosha kumficha humo mzee mzima.

"Ongea," nilimwambia.

"Nini?"

"Kila ninapomwendea mmoja, niambie mama yake ni nani. Kwa sauti, nisikie. Ukinyamaza nitageuka, na nikigeuka nitakosea shabaha, na atakayeumia ni yeye. Umenielewa?"

Akafikiri. "Wewe mwanamke una roho mbaya," alisema.

"Ninayo. Anza."

Nikamwendea wa pembe moja. Nikasimama karibu, mahali pa kutokosea. Nyuma yangu sauti ya mzee ikaanza, kavu, inakatika.

"Huyo mama yake ni yule wa doa jeupe, aliyezaliwa mwaka Darcy alipovunja mkono. Bibi yake alikuwa wa baba yangu. Alikuwa mkorofi zizini."

Nikapiga. Alianguka bila kulia, na nikalia mimi, kwa sauti, sikujizuia. Nikaenda kwa wa pili. "Huyo na yule pale ni ndugu," mzee akasema. "Mama yao alikufa kwa nyoka." Nikapiga. Nikaenda kwa wa tatu. Mara moja alikawia kusema na nikageuka na bunduki mkononi, nikamkuta ameketi palepale anafuta uso kwa mkono wa shati. "Nakumbuka, nakumbuka," alisema, "ngoja nimkumbuke." Nikangoja. Akamkumbuka.

Tulikwenda hivyo mpaka jua likaanza kulala na kijiinuko kikanyamaza. Nilikuwa sijui kama mtu anaweza kuwabeba kichwani wote wale, na mama zao, na mama wa mama zao. Hakukosea hata mmoja, au kama alikosea ni nani wa kumsahihisha.

Wa mwisho alikuwa chini kwenye tope, mdogo, rangi ya kijivu. Nikamsogelea nikangoja. Kimya. Nikageuka. Mzee alikuwa ameegemea usukani, ananitazama.

"Huyo simjui mama yake," alisema. "Huyo tulimnunua mnadani, akalikosa lori."

"Basi sema chochote."

"Sina la kusema, Noelene. Yamekwisha."

"Hayajaisha. Sema nini kitakachokuwa chakula jioni. Niambie pampu ile inalegezwaje. Utasema mpaka nimpige huyu, utasema njia nzima, na nyumbani utakaa mezani na kumwambia Darcy hayo uliyoniambia mimi, kwa mdomo wako, nami nitakuwa nimekaa katikati yenu. Na Bron ataita daktari kwa redio."

Akatikisa kichwa. Darcy asijue, alisema. Chochote, lakini Darcy asijue.

"Darcy atajua," nilisema. "Anza na pampu."

Alishusha pumzi ndefu. Kunguru mmoja alitua karibu na yule wa kijivu nami nikamrushia jiwe.

"Kuna vali mbili," alisema mzee. "Usianze na ya juu. Kila mtu anaanza na ya juu."

Nikainua bunduki, nikamsikiliza.